Inazunguka, Haichomi

Niliinunua mnadani kwa dola arobaini,
mashine ya kuchomelea ya marehemu Metro Harasymchuk,
na mnadi akacheka kabla nyundo haijatua:
"Chukua na tela lake, matairi bado yanashika upepo."
Theluji ilikuwa imeiatamia kama kuku.

Siku ya kwanza sikugusa spana.
Nilihamisha panya.
Chini ya bati la feni walikuwa wamejenga kwa sufi ya godoro,
makapi ya ngano, na ukurasa wa kalenda ya benki,
Julai nzima haijatafunwa.
Injini ya kupozwa na upepo ikizibwa pua hujipika yenyewe.
Nikachokoa hadi mapezi yote yakaonekana.

Jiko la kuni hupasha ubavu mmoja wa banda langu.
Injini ilikuwa ubavu wa pili.

Petroli ya miaka kumi na moja hunuka rangi ya zamani.
Ndani ya kabureta, gundi ya manjano,
na kitundu kinachopitisha sindano, si zaidi;
nilikikosa mara mbili, vidole vimekuwa vijiti.
Pointi zilikuwa na utando. Nikazisugua,
nikapima mwanya wake kwa jalada la kiberiti,
kwa kuwa kipimo chenyewe nilikuwa nimekikalia.

Nikashika hendeli.
Mara ya kwanza ikanirudishia kofi la kiganja.
Mara ya saba ikakohoa.
Mara ya tisa ikanguruma, banda likajaa moshi,
na mbwa wa Verna, maili nzima kutoka hapa, akajibu.

Nikavaa ngao ya uso, nikagusisha kijiti kwenye chuma.
Kimya.
Kama kuchora ukuta kwa mfupa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipomwomba anifundishe.
Alisema kazi hii haitaki mtu mwenye kope ndefu,
akarudi kwenye lango la shule, akalifunga kwa mshono
ambao hadi leo, kaskazini yote ya Yorkton, haujaachia.
Nilijifunza mwenyewe, kwa kuunguza.

Nikafungua mlango wa ubavuni nitazame brashi.
Huko ndani, juu ya bati, penseli:
herufi za Kiukreni, zile bibi yangu alizoandikia
orodha ya mitungi ya kabichi. Nikasoma kwa kidole.
*Plagi mpya, Mei. Mkanda, Oktoba.
Brashi, kabla ya mavuno.*
Na chini kabisa, mkono ukiwa umelegea:
*Inazunguka. Haichomi. Sijui.*

Nilikaa juu ya ndoo.
Metro, hujui?

Brashi moja ilikuwa imeng'ang'ania kwenye ala yake.
Nikaitoa. Nikapitisha msasa laini kwenye pete ya shaba
ikawaka kama sufuria ya mgeni.
Nikawasha tena. Haichomi.

Ndipo nikawaza mbegu.
Jenereta hubakiza chembe ya sumaku chumani,
akiba ya kuotesha umeme wa kesho;
ikikaa miaka bila kazi, akiba huisha,
nawe unazungusha shamba tupu.
Chuma hakikuwa kibovu, Metro. Kilisahau.

Nikazima injini. Nikaleta betri ya tarakta,
nyaya mbili, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
nikahesabu moja, mbili,
nikaachia, cheche ya buluu ikaruka kama panzi.

Hendeli. Moshi. Mbwa wa Verna.
Kijiti kikagusa bomba lililopasuka
na banda zima likapoteza vivuli vyake.

Mshono wenyewe, nakiri, ni kinyesi cha kuku:
umevimba hapa, umetoboka pale.
Niliugonga kwa nyundo. Haukuachia.

Nikatafuta penseli.
Chini ya *Sijui* niliandika mwezi tu, Februari,
na neno moja, nikalikosea herufi:
*Inachoma.*